Kumtafuta Shahidi wa Bangi

Kuna wiki moja nilizunguka Ujiji, Kasingirima mpaka Katonga nikitafuta mtu mmoja tu, asiye ndugu yetu, wa kusema mbele ya serikali kwamba mdogo wangu wa kiume aliwahi kuvuta bangi. Nusura nimkose. Waliomwona akivuta ni wengi kuliko wanafunzi wa darasa langu, na darasa langu hukaa wanne kwenye dawati la wawili. Lakini kila niliyemuuliza alinikazia macho na kuapa kwamba kijana yule hata moshi wa kuni ulikuwa unamkohoza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina hasira za karibu, kwa hiyo habari hii nikiisimulia huwa naanza kucheka na kumaliza nimenuna. Mnivumilie.

Mdogo wangu ni mtumishi wa serikali huko Dodoma, mambo ya kompyuta. Alikuwa katika ofisi ya kawaida, ile ambayo mtu anatundika koti kwenye kiti na kwenda kunywa chai mpaka saa sita. Kisha wakubwa wake wakampendekeza ahamie ofisi nyingine, yenye mlango usiofunguka mpaka uweke kidole, mahali panapotunzwa mambo ya siri. Humo huingii mpaka ufanyiwe upekuzi. Wanakuuliza wewe kwanza, halafu wanatuma mtu mpaka ulikozaliwa, awaulize waliokuona ukikua: ulikuwa mtu wa namna gani, ulitembea na nani, ulikunywa nini, ulivuta nini. Ukipita, unahama. Ukikwama, unarudi ulipokuwa ukiwa na doa, na kila bosi atakayekuja atajiuliza ni kitu gani walikikuta kwako. Mdogo wangu aliitaka nafasi ile kwa roho yake yote. Mkewe alishaanza kutafuta shule ya watoto upande ule wa mji.

Sasa bangi. Alipomaliza kidato cha nne, mdogo wangu alikaa nyumbani akisubiri matokeo, na matokeo yalipotoka akakaa akisubiri yasahaulike. Mjomba akamhurumia, akampeleka Katonga na kumtia kwenye kikosi cha wavuvi wa dagaa. Wale huingia ziwani jioni na taa zao, wanarudi alfajiri wameganda kwa baridi, na botini msokoto ulikuwa unazungushwa kama kikombe cha kahawa barazani. Naye akaupokea. Akawa anarudi nyumbani asubuhi macho mekundu, ananuka dagaa na ananuka kile kingine. Siku moja nilimwona kwa macho yangu akimwamkia mbuzi wa jirani, shikamoo, akasimama kusubiri aitikiwe. Mbuzi alipoondoka bila kujibu, mdogo wangu alisikitika sana, akasema watu wa mtaa huu wamebadilika.

Hali hiyo ilidumu kama mwaka na nusu. Kisha ghafla akaacha. Hakutangaza, hakuapa, hakupelekwa kwa mganga wala kwa mchungaji. Aliacha bangi, akaacha na boti, akarudia mtihani, akaenda chuo. Sisi nyumbani hatukumuuliza, tuliogopa tukiuliza atakumbuka.

Aliponipigia simu kunijulisha kwamba mpekuzi anaweza kufika, aliniambia maneno machache tu. Alisema, "Dada, waambie watu waseme ukweli," na mtandao ukakatika, kama kawaida yake. Hakunieleza yeye mwenyewe alikuwa ameulizwa nini wala alijibu nini. Na mimi nikafanya jambo ambalo kila mtu wa ukoo wetu hulifanya akipata habari: nikampelekea shangazi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyetulea, na ndiye bingwa wa Ujiji katika mambo ya kuuliziwa. Kwetu posa haijibiwi hivi hivi. Kabla ya kujibu, upande wa pili hutuma mtu, mara nyingi mama wa makamo mwenye kikapu, aje mtaani kwenu kama anapita tu. Ataomba maji kwa jirani, atausifia mchicha wake, kisha atauliza, hivi ile nyumba pale ina kijana, eti ni mtu wa tabia gani? Jirani anajua kilichomleta, naye anajua kwamba jirani anajua. Hapo ndipo mtaa unapoonyesha umoja wake. Mtoto wa mtaa hasemwi kwa mgeni, kwa sababu leo unamsafisha wa mwenzio na kesho wako atasafishwa. Shangazi amewasafisha wengi. Alimsafisha mwanamume mwenye mke mwingine Uvira, huko Kongo. Alimsafisha msichana aliyekuwa ameshawahi kumng'ata mama mkwe. Wote waliolewa na kuoa, na harusini shangazi alikaa mbele.

Alielewa vizuri kwamba safari hii anayeulizia ni serikali, wala hakuchanganya. Nilimweleza kila kitu, pamoja na lile neno la kusema ukweli. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyefeli hesabu ndogo. Akasema kuulizwa ni kuulizwa, anayeuliza awe ametoka Mwanga hapa jirani au ametoka Dodoma, na kwamba maneno ya "semeni ukweli" husemwa na kila bwana harusi kwa ajili ya adabu tu.

Mchana wa Jumapili akawaita majirani uani kwake, wakanywa chai na mihogo ya kukaanga, naye akawagawia sifa. Fundi baiskeli wa kona alipewa uaminifu. Mama anayeuza samaki wa migebuka alipewa heshima kwa wanawake. Muadhini wetu alipewa dini. Jirani yetu nesi mstaafu, Mkristo aliyeletwa na kazi kutoka Bukoba zamani na hakurudi tena, alikuwa amechelewa, akakuta sifa zimekwisha. Aliambiwa achague mwenyewe. Na wote kwa pamoja walisisitiziwa jambo moja: bangi, hapana.

Mpekuzi alifika katikati ya wiki. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa, kiatu kimepigwa rangi na tayari kina vumbi letu jekundu, mpole, anamwamkia kila aliyemzidi hata kwa mwaka mmoja. Lafudhi yake ilikuwa ya watu wa Singida. Yaliyotokea katika mizunguko yake niliyajua baadaye, kwa sababu kila aliyehojiwa alikimbilia kwa shangazi kutoa taarifa kwa majivuno.

Kwa fundi baiskeli alianza kwa salamu, akasema yeye ni mgeni, ametoka Dodoma. Fundi akamkaribisha kwenye benchi, akamfutia vumbi, akamwambia, "Huyo kijana hajawahi kuvuta bangi." Mpekuzi alikuwa hajamtaja kijana yeyote. Mama wa migebuka alimwambia kwamba mdogo wangu hajawahi kuvuta bangi na tena alikuwa hamtazami msichana usoni mpaka watu wakawa na wasiwasi. Muadhini alisema hajawahi kuvuta bangi na hajawahi kukosa swala ya alfajiri, jambo ambalo kama lingekuwa kweli lingetaka aswali ziwani akiwa ameshika kamba ya wavu. Na nesi mstaafu, kwa moyo wake mwema, alisema hajawahi kuvuta bangi na alikuwa nguzo ya kwaya, sauti ya pili, na Krismasi moja aliwaliza watu.

Basi yule bwana akaja kwangu. Alinikuta shuleni, wakati wa mapumziko, tukakaa kwenye ngazi za darasa watoto wakipiga kelele uwanjani. Alikuwa amechoka. Aliniuliza kwanza kama mdogo wangu ni Mwislamu au ni Mkristo. Nikamwambia sisi ni Waislamu tangu mababu. Akatikisa kichwa polepole, akasema alidhani hivyo.

Nilikuwa nimejiandaa kuikariri ile ya shangazi, lakini yeye hakuniuliza kuhusu bangi. Alianza kwa tuseme. Tuseme kuna mtu, akasema, ameketi mbele yetu na kuulizwa kama amewahi kutumia dawa za kulevya, naye bila kulazimishwa akajibu ndiyo, bangi, ujanani, ziwani, na akataja alipoanza na alipoacha. Halafu tuseme, akaendelea, mtu kama mimi anatumwa kwenda kuhakiki, na mtaa mzima unaniapia kwamba hajawahi. Mimi niandike nini?

Nikamuuliza kama huyo mtu wa tuseme, kwa kusema kweli, hakuwa amejiharibia mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "bangi ya zamani tunaitazama. Alikuwa na umri gani, ni muda gani umepita, aliacha lini, kwa nini, na alirudia au hakurudia. Wengi wanapita hapo. Uongo ndio hatuna pa kuupitisha. Na siri inayolindwa na mtaa mzima inaniogopesha zaidi, kwa sababu kesho mtu yeyote wa mtaa huu anaweza kumshika shati ndugu yako na kumwambia nipe kitu fulani la sivyo nitasema."

Nikamwambia palepale kwamba alivuta, nikataja mwaka, nikamtaja na mbuzi. Alicheka, nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu afike Kigoma. Lakini akasema mimi ni dada. Neno la dada linapokewa, ila halitoshi. Alihitaji mtu asiye wa damu, aliyeona kuanza na akaona kuacha. Bila huyo, angeandika alichosikia: kwamba maelezo ya mhusika na ya wanaomjua hayapatani. Na angeondoka Jumamosi.

Nilimpigia mdogo wangu simu jioni ile, nikampata, nikamgombeza kwa kusema kweli bila kutuarifu. Akanijibu kwamba alituarifu. Ni kweli, alituarifu, na hilo lilinizidishia hasira.

Kesho yake niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikaanza kuzunguka. Kwa fundi baiskeli nilisema yote wazi: yule bwana anajua, mdogo wangu amesema mwenyewe, tunachohitaji ni mtu wa kuthibitisha. Fundi aliendelea kuziba pancha. Akasema yeye ameshasema, na mwanamume hasemi mara mbili. Nilipozidi kumbana alishusha sauti, akaniuliza kama kuna tatizo baina yangu na mdogo wangu, labda la nyumba ya urithi.

Nesi mstaafu alilia kidogo kwa ajili ya ile kwaya, akaniomba msamaha, na akawa tayari kwenda kusema kweli. Tukakaa kufanya mazoezi. Lakini ikawa kwamba kweli yenyewe haijui, maana miaka ile alikuwa kazini Kasulu na hakuwahi kumwona akivuta. Nikamshukuru, nikamwachia chai yake.

Nikashuka Katonga. Nahodha wa boti la zamani la mdogo wangu sasa ameacha ziwa, ananunua dagaa kwa jumla mwaloni, pale boti zinaposhusha. Nilimkuta amesimama kati ya mikeka ya dagaa akibishana na wachuuzi. Aliniona, akafurahi, akaniita kwa mikono miwili. "Mwakeye, Mwalimu. Mdogo wetu hajambo?" Nikamjibu kwamba hajambo, nikamweleza shida yangu. Uso wake ulifungwa kama duka saa ya swala.

"Bangi?" akasema. "Hapa Katonga?"

Nyuma yake, kwenye kivuli cha boti lililopinduliwa, vijana wake watatu walikuwa wamejificha ndani ya wingu ambalo lilinifanya nipige chafya. Nikalinyooshea kidole. Akageuka, akalitazama lile wingu kwa utulivu, akaniambia wanafukuza mbu. Ilikuwa saa tano ya mchana.

Rafiki mkubwa wa mdogo wangu wa enzi zile, aliyekuwa akimsokotea kwa mikono yake, siku hizi anaongoza kikundi cha ulinzi shirikishi cha mtaa. Alinipokea amevaa kizibao chenye mistari inayong'aa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye akisema alimwona fulani akivuta, ataulizwa alikuwa wapi alipomwona.

Nilirudi Ujiji jua kali, miguu imejaa vumbi na mate yamekauka, na habari zangu zimenitangulia. Sasa mtaani inasemekana dada mtu anapita nyumba kwa nyumba akimtangaza mdogo wake kuwa mvuta bangi, kwa wivu, kwa sababu yeye ualimu haujampandisha. Mama wa migebuka, ambaye hunichagulia samaki wazuri siku zote, alinipimia wadogo bila kunitazama. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Mtu anaweza kuishi mtaa mmoja maisha yake yote, ikachukua asubuhi moja tu kuwa mgeni.

Shangazi alikuwa ananisubiri mlangoni. Alinisema kuanzia kizingitini mpaka uani. Mtoto amemwogesha, amempaka mafuta, amemvisha kanzu nyeupe, na mimi nimekuja na ndoo ya tope. Nikamwambia kanzu hiyo ndiyo itakayomponza. Akasema katika miaka yake yote hajawahi kusikia mtu amenyimwa kitu kwa sababu ya kusifiwa. Tukapandishiana sauti, mimi na mwanamke aliyenilea, mpaka kuku wakahama. Mwishowe akanitupia neno kwa hasira.

"Kama unataka wa kumsema vibaya, si uende kwa yule mama aliyetunyima binti? Huyo atakusemea mpaka utamani afunge mdomo."

Alipoona nimeanza kutafuta kandambili zangu, alijua amekosea kunielekeza. Akanifuata hadi barabarani akinikataza.

Habari ya yule mama ni hii. Mdogo wangu akiwa bado mvuvi alipenda msichana wa Ujiji, wa familia yenye asili ya Kongo, wafanyabiashara wa vitenge na mawese. Msichana naye alimpenda. Tulipeleka posa kwa heshima zote. Mama yake akatuma watu wa kuulizia, na mtaa ukamsafisha kijana wetu kama ilivyo ada. Lakini yule mama hakuridhika na mtaa. Alituma wengine Katonga, na huko inaonekana alipata wasiojua ada. Posa ikarudi. Haikurudi kimyakimya, alisema sokoni, alisema msibani, kwamba hawezi kumpa binti yake mtu anayeamkiana na mbuzi. Tangu hapo nyumba mbili hazisalimiani. Msichana akaja kuolewa Mpanda.

Nilimkuta barazani kwake anakunja vitenge. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akanionyesha kiti. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini yale maneno ya sokoni yalinirudi kooni, nikasema kwa ukali kuliko nilivyokusudia kwamba zamani alimsema mdogo wangu bila kuombwa, na sasa naja kumwomba amseme tena. Nikamweleza habari yote.

Alikunja vitenge viwili vitatu. Kisha akaniuliza kama huyo mtu wa serikali anataka kujua alivuta tu, au anataka kujua na alipoacha. Nikamjibu vyote viwili. Akasema nimlete.

Nilimleta kesho yake, Ijumaa, baada ya swala. Nilitaka kuondoka, kwa sababu mpekuzi alisema mahojiano ni ya watu wawili. Yule mama akamwambia, "Baba, huyu akae. Hawa wakitoka hapa watasema nilimwaga sumu. Akae asikie na masikio yake." Mpekuzi alisita, kisha akakubali. Ijumaa ilikuwa inakwisha, na nadhani angekubali hata mbuzi akae.

Mama yule akaeleza. Wallahi, sijawahi kusikia ushahidi wa namna ile. Alimtuma shemeji yake mwaloni kama mnunuzi wa dagaa, akakaa na wale vijana, akaonja mazungumzo yao. Alizungumza na dobi wa Katonga kuhusu harufu ya mashati. Alijua mdogo wangu alivuta na nani, boti gani, alijua kwamba hakuuza, hakuiba ili anunue, na kwamba akishavuta hupenda kuimba nyimbo za watoto. Mpekuzi aliacha kuandika akawa anamtazama tu, kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu mkuu.

"Na kuacha?" akamuuliza. "Aliacha lini, mama?"

"Aliacha wiki nilipomrudishia posa."

"Ulijuaje?"

"Nilijua kwa sababu niliendelea kuuliza." Kitenge alichokishika hakukikunja tena, alikiweka magotini. "Binti yangu alikuwa analia, anasema ameacha, mama, ameacha kwa ajili yetu. Nikasema wote husema hivyo. Nikamtuma shemeji tena. Akarudi akasema ameacha. Nikangoja, nikamtuma tena kabla ya harusi ya Mpanda. Akaniambia yule kijana hata botini hayupo, anasoma, na wenzake wanamcheka. Ile taarifa niliiweka mwenyewe. Sikumwambia binti."

Mpekuzi akauliza kwa sauti ndogo kwa nini.

"Nilikuwa nimeshasema sana," akasema yule mama. "Sokoni, msibani, kote. Ningeanzia wapi kurudi nyuma?"

Mimi mwenye hasira za karibu nilizitafuta siku ile nisizione. Niliona tu mkono wa yule mama unakitafuta kitenge kisichoanguka. Mdogo wangu aliacha kwa ajili ya mtu, na habari ikafika pale ilipotakiwa kufika, ikafungiwa. Nilitaka kumchukia. Nilijaribu, na nikakuta nalia pamoja naye, mbele ya mtumishi wa serikali ambaye alijifanya anatafuta kalamu.

Aliandika ukurasa mzima. Alipomaliza alimshukuru, akamwambia kwamba kama si umri angempendekeza kazi. Yule mama hakucheka. Jumamosi yule bwana akapanda basi akaondoka, na shangazi akakaa wiki nzima bila kusema nami, mpaka alipopata mchumba wa kumsafisha na akanihitaji.

Baada ya miezi kadhaa mdogo wangu alipiga simu. Amepita. Alikuwa anaongea haraka kama zamani, anacheka peke yake, mkewe anapiga vigelegele nyuma yake na watoto wanauliza kuna nini. Nilifurahi mpaka nikaketi chini, kwenye sakafu ya darasa, watoto wakaacha kuandika. Alipotulia akaniuliza ni nani aliyemsemea. Nikamwambia.

Nilisikia akitoka chumba kimoja na kuingia kingine, mlango ukifungwa, kelele za nyumba zikabaki upande wa pili.

"Dada," akasema, "yeye alijua lini kwamba niliacha?"

Nilikuwa nimezunguka Ujiji nzima nikiwaomba watu waseme kweli. Nilikuwa nimegombana na shangazi kwa ajili ya kweli hiyo, nimenyimwa samaki wazuri kwa ajili yake. Nikatazama nje ya dirisha, nikasikia upande wa pili mkewe anagonga mlango wa kile chumba, anamwita aje, chakula kinapoa.

"Juzijuzi tu," nikamwambia. "Nilipokwenda kumweleza mimi."

Akashusha pumzi. Akasema basi hakuwa na kosa, yule mama, mtu yeyote angefanya vile.

Nikasema ndiyo, mdogo wangu, hakuwa na kosa. Nenda ukale.